Mwaka Mwalimu Alipopotewa na Majina

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana aliyevaa koti lililomzidi mabega. Alieleza Mwalimu Danieli alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifundisha Kiingereza shule zipi, kisha akafika kwenye mstari uliosema kwamba marehemu aliacha kazi kwa sababu za kiafya. Akaendelea kutaja ndugu aliowaacha. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, bega kwa bega na mjane, na mstari ule ulipopita nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye kanga yangu. Hakunitazama. Malori yalikuwa yakipita kama kawaida ya Mikumi, turubai la msiba likitikisika, na mchungaji akalazimika kunyamaza mara kwa mara akisubiri mngurumo uishe. Mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu, nimestaafu ualimu, lakini pale mkekani nilijikuta nimerudi kidato cha pili. Mwaka mzima ulikuwa umefungiwa ndani ya maneno yale mawili matatu. Simlaumu kijana, hakuwa amezaliwa. Tuliouona mwaka ule kwa karibu tumebaki mimi na yule mjane, na yeye si mtu wa kusimulia.

Nilikuwa nakaa kwa Mwalimu, Kilosa, kwenye nyumba ya shule. Mama yangu alikuwa na banda la chakula Mikumi, pembeni ya barabara kuu, na hakutaka binti yake akulie katikati ya madereva na nyumba za wageni. Akaongea na mke wa Mwalimu, ambaye walifahamiana kanisani, nikapelekwa. Nyumba ile ilikuwa na sebule ndogo yenye meza moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na chumba chao, ambacho hakikuwa na mlango, bali pazia la maua. Mimi nililala stoo, karibu na magunia ya mpunga, na hadi leo nikinusa gunia jipya nakumbuka usingizi wa utoto. Hawakujaliwa mtoto. Watu wote walimwita yule mama Mama Mwalimu, lakini mumewe, kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kumwitia, alimwita kwa jina lake, Raheli. Kwetu si kawaida mwanamume kumwita mkewe jina lake mbele za watu. Yeye aliliita sebuleni, uani, hata dirishani mwa ofisi ya walimu, na mama akaitika.

Wakati wa kula Mwalimu hakupumzika. Tukiwa na ugali na mlenda mbele yetu angeniuliza kama mboga iko "in" sahani au "on" sahani, na mimi ningeshusha tonge na kutazama sahani kama vile jibu limeandikwa pale. Nilikuwa dhaifu sana. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja la kuimba pamoja. Tulipoingia sekondari, ghafla hata mmea na mfupa vilifundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tulikariri kurasa tusizozielewa, tukazitema kwenye mitihani kama zilivyo. Mwisho wa kidato cha pili kulikuwa na mtihani wa taifa. Aliyeanguka alirudia darasa au alirudi kwao, na mimi sikuwa na kwetu pa kurudi ila kwenye moshi wa banda la mama.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha. Siku hizi wanafunzi huambiwa nomino. Sisi tuliambiwa majina tu, na Mwalimu alianza na hayo. Aliingia darasani na vitu mfukoni: kijiko, kufuli, muhindi. Alikiinua kitu, tukakitaja kwa Kiingereza, ndipo akatupeleka kwenye vitenzi, yaani kitu hicho kinafanya nini au kinafanywa nini. Vivumishi alivieleza kwa kulinganisha. "Sisi tunamleta mtoto kwanza, ndipo tuseme ni mzuri," alisema. "Wenzetu wanatanguliza uzuri, mtoto anafuata. Na uzuri wao haubadiliki. Mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, kwao vyote ni 'good'. Mmepunguziwa kazi, halafu bado mnalalamika." Kosa lililomkera kuliko yote lilikuwa dogo. Tukisema "a chalk" aligonga meza na kusema lazima iwe "a piece of chalk", kwa sababu chaki kwao haihesabiki, kama vile sisi tusivyohesabu maji. Alilisahihisha kosa hilo hata alipokuwa na homa, hata mkaguzi alipokuwa amekaa nyuma ya darasa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua za masika zikielekea ukingoni, na mto Mkondoa ulikuwa bado na maji mekundu. Mwalimu aliinua kipande cha chaki mbele yetu, akasema, "This is..." na mdomo ukabaki wazi. Tulidhani anatuachia nafasi. Darasa zima tukaitikia kwa sauti, "A chalk!" Hakugonga meza. Aliitazama ile chaki kama mtu aliyeokota kitu cha mgeni njiani na hajui akirudishe wapi. Wenzangu wakarudia, wakicheka, wakidhani anawatega, "A chalk! A chalk!" na yeye hakusahihisha, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Nilikuwa nimeshasimama chaki ilipoanguka. Mkono wa kulia ukamning'inia, akaegemea ubao, akateleza taratibu hadi sakafuni, na vumbi jeupe likambaki begani.

Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akiburuta mguu, mdomo umepinda upande kidogo tu, na mtu asiyemjua angedhani yaliyobaki ni madogo. Daktari alimwambia Mama Mwalimu nami nikiwepo, nimeshika chupa ya uji, "Anasikia na anaelewa kila kitu. Msiongee mbele yake kama vile hayupo." Lakini watu waliongea. Wageni walikaa sebuleni, yeye yuko nyuma ya pazia, wakasema kwamba amekuwa mtoto mdogo, kwamba akili nyingi nayo ni maradhi, kwamba Kiingereza kimemgeukia. Kaka yake Mwalimu alishuka kutoka milimani na mkungu wa ndizi, akaukalisha mlangoni, na kabla chai haijapoa akasema alilokuja kusema.

"Shemeji, twende naye nyumbani. Kuna mzee kule anawafungua watu. Huyu amefungwa ulimi."

Mama Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Ulimi wake haujafungwa, shemeji. Leo asubuhi kaniambia 'nipe'. Jana kaniambia 'funga', nikafunga dirisha. Kinachokosekana ni hicho cha kupewa na cha kufungwa."

Nimefundisha sarufi miaka mingi tangu siku ile, na sijasikia ikielezwa kwa uwazi zaidi. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikiosha vikombe. Nikaanza kumsikiliza Mwalimu kwa namna nyingine. Kweli, vitenzi alikuwa navyo. Alisema nipe, njoo, kaa, imemwagika, nimechoka. Alikuwa na ndiyo na hapana. Lakini akitaka chai alihangaika, jasho likimtoka, akasema, "Nipe ile... ile inayo... inayonyweka," na alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa na aibu ambayo sikutaka kuiona. Shemeji yule alipoondoka nilimfuata Mama Mwalimu jikoni.

"Mama, maneno hayajamwisha. Amepotewa na majina."

"Majina yapi?"

"Ya vitu. Kama alivyotufundisha. Yale ya kutenda yapo."

Aliuweka ungo chini. "Na majina ya watu?"

Hakunisubiri nijibu. Aliingia chumbani, akajifuta mikono, akasimama mbele ya kitanda. Pazia lilikuwa wazi nusu. "Mume wangu," akasema, "mimi ni nani?" Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa namwona anavyomjua, anavyomjua kupita watu wote duniani, midomo ikijaribu hivi na vile. Kisha akafunika uso kwa mkono wake mzima. Mama aliketi kitandani, akamshika goti, akasema, "Haidhuru." Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia mimi nilipovunja sahani.

Tulichogundua baadaye kilitoka kwenye sala. Kila jioni kabla ya kula tulisali Sala ya Bwana, na siku moja Mwalimu aliisali yote pamoja nasi, mwanzo hadi mwisho, na neno mkate likapita humo ndani bila kukwama. Baada ya amina nilimwonyesha mkate mezani. Hakuweza kuutaja. Nilifikiria jambo hilo usiku ule stoo, na kesho yake sikumwuliza tena "hiki ni nini". Nilianza sentensi nikaiacha wazi. "Asubuhi watu hunywa..." Alinitazama, akasema, "Chai." Alishtuka kuliko mimi. "Mlango umefungwa kwa..." "Kufuli." "Mpunga unatiwa kwenye..." "Gunia." Mama Mwalimu alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali ukiungulia jikoni, na hakuna aliyeujali. Jina likiwa peke yake lilimkimbia. Likiwa na wenzake mbele yake lilikuja.

Kuanzia hapo kila siku baada ya shule tulikaa kwenye ile meza. Tulianza kwa Kiswahili, tukaenda Kiingereza, kwa sababu yeye mwenyewe alikitaka, akionyesha kabati la vitabu na kusema, "Soma. Soma." Ilibidi nitunge sentensi nyingi ili yeye azimalizie, na mtu hawezi kutunga sentensi asiyoielewa. Nikajikuta natafuta wapi kitenzi kinakaa, kivumishi kitangulie nini, kiunganishi kishike nini na nini. Vihusishi vya mahali vilitushinda sote wawili. Kwetu mtu husema mezani, ikatosha. Kwao lazima useme ni juu, chini, kando au ndani. Tulichukua kikombe, nikakiweka juu ya meza, chini ya meza, nyuma ya taa, ndani ya sufuria, na kila mahali mmoja wetu alikosea mwenzake akatikisa kichwa. Yeye alijua jibu lililo sahihi akilisikia. Nikisema "in the table" alikunja uso kwa maumivu ya kweli, kama zamani. Nilimfundisha maneno na yeye akanisahihisha kwa uso tu, na mtihani wa nusu muhula uliporudishwa, mwalimu aliyeshika nafasi yake aliniuliza nani ananifundisha nyumbani. Nikamwambia, "Mwalimu Danieli." Alidhani ninamtania.

Mwisho wa muhula, mkuu wa shule alimwita Mwalimu Danieli ofisini. Alikuwa mtu mwema, na niliyaona macho yake. Jambo lile halikumpendeza. Nyumba ilikuwa ya shule, mwalimu mpya alikuwa amepanga mjini na familia yake, na wakubwa wa elimu walitaka kujua kama bado anaweza kufundisha. Nilimsindikiza Mwalimu kwa sababu ya ngazi, nikaketi kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi. Nikasikia mkuu akisema kwa upole, "Mzee wangu, hii ni nini?" Kisha kimya. "Na hii?" Kimya. Nikajua ameinua kalamu, ameinua saa, anafanya vilevile Mwalimu alivyofanya darasani miaka yote. Nilisimama nikaingia. Mwanafunzi haingii ofisi ya mkuu bila kuitwa.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba usimwulize hivyo. Mwanzishie sentensi, yeye atamalizia."

Mkuu alinitazama kwa mshangao, lakini hakunifukuza. Alifikiri kidogo, akasema taratibu, "Mwalimu huandika ubaoni kwa..."

"Chaki," akasema Mwalimu Danieli. Kisha, akijikaza, akaongeza kwa Kiingereza, "A piece of chalk."

Mkuu aliiweka saa mezani. Alivua miwani akaifuta, na nilidhani tumeshinda. Alimwanzishia sentensi nyingine, Mwalimu akazimaliza. Halafu mkuu akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "Mzee wangu, nimefurahi. Lakini wale watoto arobaini, nani atawaanzishia sentensi? Wao ndio wanaotakiwa kumaliziwa." Mwalimu aliinamisha kichwa, akakubali. Alielewa kabla yangu. Nilikasirika siku nyingi, na sasa, baada ya kukaa upande ule wa meza mimi mwenyewe, kushika shule, kupanga walimu, najua kwamba hakukuwa na jibu jingine, na kujua huko hakujanipunguzia kitu.

Waliondoka Kilosa wakati wa kiangazi. Mama yangu aliposikia alisema kuna chumba nyuma ya banda, si kikubwa, lakini bati lake ni zima. Vitu vyao vilipakiwa kwenye lori la mkaa, lile kabati la vitabu likafungwa kamba katikati. Wanafunzi wachache walikuja kusaidia kubeba.  Mmoja wa wale waliocheka siku ya chaki alimshika Mwalimu mkono na hakuuachia hadi dereva alipowasha injini. Mimi nilibaki Kilosa kwa jirani ili nimalize mwaka, na nilipofanya mtihani wa taifa nilikuwa peke yangu mezani, bila uso wa kunikunjia nikikosea. Nilifaulu. Nilipewa habari hizo baadaye, lakini siku natoka kwenye chumba cha mtihani nilijua, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesoma maswali na kuyaelewa.

Likizo ya Desemba nilikwenda Mikumi. Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda, fimbo katikati ya magoti, akitazama malori. Maneno yalikuwa yameongezeka. Madereva wa Zambia waliopita pale hawakujua Kiswahili cha kutosha, na siku moja mmoja aliuliza kwa Kiingereza wapi atapata fundi wa breki. Mama yangu alikuwa anajaribu kumwonyesha kwa mikono. Mwalimu akainua fimbo, akasema polepole, bila kukwama hata mahali pamoja, "Behind the church, next to the bridge." Nyuma ya kanisa, kando ya daraja. Majina mawili, na kila kihusishi mahali pake. Dereva alishukuru akaenda zake, hajui alichokisikia. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa, na ilibidi niliweke chini.

Jina la mkewe, hata hivyo, halikuja. Tulijaribu kila njia. Nilimwanzishia sentensi, nilimwanzishia sala, nilimtajia majina ya wanawake wa Biblia mmoja baada ya mwingine, yeye akatikisa kichwa hata nilipolitaja lenyewe, kama vile si hilo, kama vile lenyewe ni kubwa kuliko hilo. Wakati huohuo kaka yake Mama Mwalimu alikuja kwa basi kutoka kwao Rudewa. Alikula na sisi nyuma ya banda, wali na maharage, Mwalimu akiwa amekaa palepale, na yeye akaongea kama wale wageni wa Kilosa.

"Dada, bado una nguvu zako. Hukuzaa naye. Nyumba hamna, kazi hana. Ukirudi nyumbani hakuna atakayekucheka. Yeye ana ndugu zake wa milimani, watamlea."

Mama Mwalimu alimwongezea wali. "Kaka, kula kwanza."

"Nimekuja nikuchukue."

"Nimesikia. Kula."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameacha kula. Maharage yalikuwa yanapoa kwenye sahani yake na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Alielewa kila neno, na hakuwa na hata neno moja la kujitetea nalo. Yule kaka alimaliza, akanawa, akasubiri. Mama Mwalimu alitoa vyombo, akamsindikiza hadi barabarani, na sisi tulikaa pale tukisikiliza basi la kuelekea Kilosa likipiga honi kituoni. Lilisimama muda mrefu. Lilipoondoka, mama yangu aliacha kukata vitunguu.

Ndipo tukamwona Mama Mwalimu anarudi, peke yake, anavuka barabara akiwa ameshika kanga isipeperushwe na lori. Alipita mbele yetu, akaenda uani, akachuchumaa kwenye masufuria aliyokuwa ameyaacha, akachukua jivu akaanza kusugua. Mwalimu aliinuka. Aliburuta mguu hadi mlango wa uani, akaegemea mhimili. Mdomo wake ulifanya kazi kwa muda, na nilidhani ataomba maji. Majina hayakuwepo, kwa hiyo alichukua alichokuwa nacho, kitenzi, akakigeuza kikawa cha mtu.

"Anayebaki," akaita.

Mkono wa Mama Mwalimu ulisimama ndani ya sufuria. Hakugeuka mara moja. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona shingo yake, nikaona alivyovuta pumzi. Kisha akaitika, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyokuwa akiitika kutoka uani Kilosa miaka yote.

"Abee."